Kuchapisha kitabu mtandaoni kutoka kwenye repo: tulivyofanya na kina mama wa dagaa Mwanza

Mkuu, umesema unafundisha Sengerema, una sura 14 za notsi za Fizikia kwenye Word, na unataka wanafunzi wazisome kwenye simu bila wewe kulipia tovuti kila mwaka. Umesikia pia kwamba kitabu kinaweza kukaa kwenye repo (ghala la mafaili) ya GitHub, tovuti ya kuhifadhi mafaili ya miradi, na kikajichapisha chenyewe kila unapokirekebisha. Ni kweli. Nimefanya hivyo hapa Mwanza na kitabu kipo hewani mpaka leo, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyapitia, na nitakaa zaidi pale palipotutesa.

Chetu ni kitabu cha kukausha dagaa. Mkufunzi mmoja wa uvuvi aliandika, kina mama wanaoanika mwaloni wakawa wahariri, mimi nikashika upande wa kompyuta. Tulianza kwa kurushiana Word kwenye WhatsApp. Baada ya mwezi sura ya chanja, yaani vichanja vya kuanikia dagaa, ilikuwa kwenye simu tatu, kila nakala ina sahihisho ambalo nyingine haina. Ndipo nikahamishia kila kitu kwenye Git. Git inatunza kila badiliko, nani kalifanya na lini, na sura inabaki moja.

Kwanza toa maandishi kwenye Word. Pandoc inafanya kazi hiyo bure: unaipa faili la docx, inakurudishia Markdown (maandishi ya kawaida yenye alama chache za vichwa na orodha), na picha inazitoa kando ukiongeza --extract-media. Majedwali yapitie kwa macho yako mwenyewe. Kisha pakua mdBook, programu ya bure inayogeuza Markdown kuwa kitabu cha mtandaoni, na kwenye dirisha la amri andika mdbook init, nayo itakuundia folda ya src yenye faili liitwalo SUMMARY.md. Humo ndimo unamoorodhesha sura kwa mpangilio wake, na sura usiyoitaja humo haitokei kitabuni. Ukiandika mdbook serve unakisoma kitabu kwenye kivinjari cha laptopu yako, localhost:3000. Kwa milinganyo ya Fizikia weka mathjax-support = true kwenye book.toml, faili la mipangilio ya kitabu, chini ya [output.html]. Milinganyo hiyo inahitaji mtandao ili ionekane vizuri.

Kuchapisha ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Repo iwe wazi kwa umma, maana akaunti ya bure ya GitHub haichapishi Pages (huduma yao ya kuweka tovuti hewani) kutoka repo ya siri. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya Pages, na chanzo uchague GitHub Actions. Mtiririko (workflow, yaani orodha ya hatua za kujenga kitabu) wa mdBook upo umeshaandaliwa, wewe unaukubali tu. Tangu hapo kila ukipandisha badiliko, kitabu kinajengwa upya hukohuko kwenye kompyuta zao. Usijenge kwenye laptopu halafu ukapandisha kurasa zilizojengwa (HTML) kwa mkono. Nilifanya hivyo wiki za mwanzo: nilirekebisha sura, nikasahau kujenga, wasomaji wakabaki na kosa huku mimi naamini limeshaondoka.

Sasa palipotutesa. Siku tuliyotangaza kitabu, mama mmoja alinipigia kutoka mwaloni. "Mwanangu, hii sura ya chanja mbona ina kichwa tu?" Nikafungua laptopu, sura nzima ipo na picha zake. Nikafungua simu, nikakuta kichwa, halafu weupe mpaka chini. Ilinichukua usiku mzima. Kwenye SUMMARY.md nilikuwa nimeandika Chanja.md, ilhali faili lenyewe linaitwa chanja.md. Windows haijali herufi kubwa na ndogo, ikalifungua. Kompyuta inayojenga kitabu ni ya Linux, na kwake hayo ni majina mawili tofauti. Na mdBook ikikuta sura iliyotajwa haina faili, haigomi: inaunda faili jipya lenye kichwa peke yake na kuendelea. Alama ya kijani ya GitHub, inayosema ujenzi umefaulu, iliwaka kama kawaida.

Dawa yake ni mstari mmoja kwenye book.toml, chini ya [build]: create-missing = false. Faili likikosekana, ujenzi unagoma, toleo la zamani linabaki hewani, na kosa unaliona wewe kabla ya msomaji. Majina yote yaandike kwa herufi ndogo, ya picha pia, maana kamera nyingine hutoa .JPG kwa herufi kubwa. Na ukibadilisha ukubwa wa herufi tu kwenye jina, tumia amri ya git mv, kwa sababu kwenye Windows kwa kawaida Git haioni badiliko hilo.

Picha nazo zitazame mapema. Za simu yangu zilikuwa MB 4 kila moja, na sura ya kuanika wakati wa mvua ilikuwa nazo 9. Hizo ni MB 36 za mtu anayenunua bando la siku, kwa sura moja! Nilizishusha hadi upana wa pikseli 1200, zikawa chini ya KB 200. Lakini nilichelewa: nilikuwa nimeshaziingiza kwenye Git zikiwa kubwa, na ukifuta, zinabaki kwenye historia. Repo yetu ni nzito mpaka leo.

Kuna jambo la Kiswahili ambalo sikuliona likisemwa popote. Kisanduku cha kutafuta cha mdBook kinaweza kuongeza mwisho wa neno, lakini maneno yetu hubadilikia mwanzoni. Msomaji akitafuta "kausha" hapati "wanakausha" wala "tulikausha". Tuliongeza sura ya faharasa mwishoni, tukaiandika kwa mkono, na naiona kuwa ya lazima.

Masahihisho tuliyapanga kwa kufuata mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi hupumzika na kina mama hupata nafasi. Kikao kimoja tulisoma kwa sauti sentensi isemayo dagaa "wageuzwe mara kwa mara". Mama mmoja akakataa: wakigeuzwa bado wabichi wanakatika vichwa, ngoja kwanza wa juu wakauke. Kitabu chetu kina alama ya penseli kila ukurasa, unaipata kwa kuweka edit-url-template kwenye book.toml, nayo inakupeleka moja kwa moja kwenye faili la sura hiyo. Niliibonyeza kwenye simu, nikaandika maneno yake kama alivyoyasema, na kabla hatujamaliza chai akayasoma kitabuni.

Wengi wao hawana simu janja, na naamini hata wanafunzi wako wengi hawana. mdBook inatengeneza pia ukurasa wa print.html wenye sura zote mfululizo. Niliufungua kwenye steshenari moja Kirumba, tukachapa na kubana. Ukichapa, andika tarehe kwenye ukurasa wa kwanza, ili mwenye karatasi ajue kama nakala yake ni ya kabla au baada ya sahihisho fulani.