Moshi umekoma, vumbi limebaki: kwa dada aliyeuliza kuhusu kiwanda cha betri

Dada, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema mnaishi pembezoni mwa Mombasa, na kati ya nyumba yenu na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kuna kichochoro tu. Kiwanda kilifungwa mwaka jana. Mwezi wa sita wakaja watu na mashine, wakapima hewa siku mbili, mkaambiwa iko sawa. Sasa mwanao wa miaka 3 hapati choo vizuri, chakula hakitaki, na jirani anakwambia unajitia hofu bure kwa sababu "wataalamu wameshapima".

Mimi si daktari. Kwa miaka minne nilikuwa mkusanyaji wa sampuli kwa watafiti wa chuo kikuu, huku huku Pwani: udongo, vumbi la ndani, vichujio vya hewa, damu za watoto nikiwa na muuguzi. Kwa hiyo nakujibu kwa yale niliyoyashika kwa mikono yangu. Huenda hao waliopima hawakukudanganya. Hewa inaweza kuwa safi kweli, na mtoto akawa anakula sumu ya risasi, ile metali ya ndani ya betri, kila siku.

Kwanza uelewe walichopima. Pampu ndogo huvuta hewa kwa saa 24 kupitia kichujio cheupe cha mviringo. Kichujio kinapimwa uzito kabla na baada, kwenye mizani inayohisi hata sehemu moja ya milioni ya gramu. Uzito ulioongezeka ndio vumbi laini, lile ambalo Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linasema wastani wake wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo. Lakini uzito hausemi vumbi hilo ni la nini. Huku kwetu ndani yake kuna chumvi ya bahari, masizi ya malori yanayotoka bandarini, moshi wa jaa, na risasi pia kama ipo. Kuijua risasi lazima kichujio kipimwe tena kwa mashine ya metali, aghalabu baada ya kuyeyushwa kwenye asidi. Waulize: mlipima uzito peke yake, au na metali zilizomo?

Halafu waulize mashine ilisimama wapi. Mwezi wa sita ni kusi. Upepo unatoka baharini, upande wa kusini, unasukuma kila kitu kuelekea kaskazini na bara. Ukiweka pampu kusini mwa kiwanda wakati wa kusi unapima upepo wa bahari, na utapata hewa nzuri hata kama tanuri linawaka. Msimu wa kaskazi, upepo ukitoka kaskazini, nyumba hizo hizo ndizo zinazokula moshi. Mvuvi yeyote angewaambia hilo, lakini nimeona ripoti nzito ambayo ndani yake neno upepo halimo kabisa.

Sasa nikupeleke kwenye nyumba moja ambayo siisahau. Ilikuwa nyumba ya bibi mmoja aliyelea wajukuu wawili, hatua chache kutoka kwenye tanuri lililokuwa limezimwa zaidi ya mwaka. Ilikuwa safi kuliko zote mtaani. Asubuhi na jioni bibi alifagia ua kwa ufagio wa makuti mpaka ukaachwa na mistari kama kitambaa kilichopigwa pasi, na wajukuu wakitambaa nyuma yake. Niliweka fremu yangu ya mraba kwenye kizingiti cha dirisha, nikapangusa kwa kitambaa kibichi cha maabara, mara moja kwenda, mara moja kurudi. Kitambaa kilirudi na rangi ya jivu. Chini ya kitanda ilikuwa hivyo hivyo. Nje, mahali maji ya bati yanapodondokea, tulielekeza kile kifaa cha kupimia metali, kina umbo la bastola na hutoa jibu kwa dakika moja hivi, na namba ikapanda mpaka mwenzangu akadhani kimeharibika. Tukarudia mara tatu. Bibi akauliza, "Mwanangu, nifagie zaidi?" Nilimwambia hapana bibi, ufagio ndio unaolirusha hewani. Nilimwona alivyouangalia ule ufagio.

Risasi haiozi, haiyeyuki kwa mvua ikaisha, wala haitoweki moshi unapokoma. Moshi wa tanuri ukipoa inakuwa chembe laini, inatua juu ya bati, kwenye ua, kwenye nguo za wafanyakazi wanaorudi nazo nyumbani, na inabaki kwenye tabaka la juu kabisa la udongo, pale pale mtoto anapocheza. Ndiyo maana sisi tulikuwa tukichota sentimita mbili za juu tu. Anayechimba nusu mita na kuchanganya anaificha, hata kama hakukusudia.

Mfano ni Kabwe, Zambia, ambako mgodi wa risasi ulifungwa 1994. Utafiti uliochapishwa 2015 ulipima damu za watoto 246 wa chini ya miaka 7 katika mitaa ya Chowa, Kasanda na Makululu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa chini ya mikrogramu 5 kwa desilita (sehemu ya kumi ya lita), kile kiwango cha tahadhari nitakachokutajia mwishoni. Watoto hao walizaliwa mgodi ukiwa umefungwa zamani. Ndugu zetu wa Lubumbashi nao, watafiti wa chuo chao wakishirikiana na wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha 2009 kwamba wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi na viwanda vya kuyeyushia madini wana kobalti, metali nyingine ya migodini, nyingi mno kwenye mkojo kuliko wanaoishi mbali, na watoto wamezidi. Na hapa hapa Mombasa, kuna Owino Uhuru, mtaa uliopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kama chenu. Phyllis Omido alianza kupiga kelele baada ya mwanawe mchanga kuugua, kiwanda kikafungwa 2014, mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na kesi ikaburutwa mpaka Mahakama ya Juu mwisho wa 2024. Muda wote huo udongo ulikuwa pale pale.

Basi kilicho muhimu kwako sasa ni damu ya mtoto. Ukishaacha kuimeza, risasi ya kwenye damu hupungua kwa nusu hivi baada ya mwezi mmoja, kisha hushuka polepole, maana iliyoingia kwenye mifupa hukaa miaka. Kwa hiyo kama kipimo cha leo kitakuwa juu, mwaka mzima baada ya tanuri kuzimwa, usikubali haraka kuambiwa ni mabaki ya zamani tu. Huenda maana yake ni kwamba bado anaimeza.

Sisitiza damu ya mshipa, si ya kidole. Nina sababu. Mwaka wangu wa kwanza mimi ndiye niliyewaandaa watoto kabla ya kutobolewa kidole. Kijana mmoja alitoka moja kwa moja kuchezea mchanga, nikampangusa kidole kwa spiriti nikaona inatosha. Jibu likaja juu sana, mama yake akaangua kilio mbele yangu. Wiki iliyofuata tukachukua ya mshipani, ikawa chini ya nusu. Iliyozidi ilikuwa risasi ya mchanga uliokuwa kwenye ngozi. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, spiriti peke yake haiondoi vumbi. Yule mama alipoteza wiki nzima ya usingizi kwa uzembe wangu, na tangu siku hiyo sikumshika mtoto kidole kabla ya kumwosha mwenyewe.

Jambo jingine, dai karatasi. Mradi mmoja niliofanyia kazi ulichukua damu mtaa mzima, na majibu yakarudi baada ya miezi mingi, tena kwa wazee wa mtaa tu, kama wastani. Mama hawezi kumtibu mtoto wake kwa wastani. Mtafiti yeyote akija kwenu, kabla hajafungua sindano aseme jibu la mwanao litakufikia lini, kwa maandishi, na nani atakueleza.

Wakati unasubiri, weka ufagio pembeni. Piga deki kwa maji ya sabuni, futa vizingiti kwa kitambaa kibichi, maji machafu usiyamwage uani. Mkeka wa kuchezea uoshwe. Viatu vibaki nje. Maji ya bati msinywe. Kama una mahali pa kupata udongo safi au kokoto kutoka mbali, funika ile sehemu anayopenda kuchezea. Mtoto asikae na njaa, maana tumbo tupu hunyonya risasi zaidi, na mwenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu huinyonya zaidi pia: dagaa, maharage, maziwa, mboga iliyooshwa sana. Na kama kuna mjamzito hapo nyumbani anayekula udongo, mwambie kwa upole aache leo, hasa kama anauchota humo humo mtaani.

Hospitalini usiseme "tumbo linamsumbua" ukaishia hapo, maana utapewa dawa ya minyoo. Sema wazi kwamba mnaishi ubavuni mwa kiwanda cha betri na unataka kipimo cha risasi kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linasema kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita chanzo kitafutwe na kiondolewe, na kwamba hakuna kiwango kisicho na madhara. Watoto waliofika 45 ndio hupewa dawa ya kuitoa mwilini, na hiyo ni kazi ya daktari.

Jibu likija, angalia kipimo kimeandikwa kwa lita au kwa desilita, kwa sababu 50 kwa lita ni 5 kwa desilita, na nimeona watu wakizichanganya hadi ndani ya zahanati. Lipige picha, funika jina la mtoto, uliweke hapa. Nitalisoma siku hiyo hiyo.