Kwa wapya wa bendi, kabla hamjagusa bati la radi

Wadogo zangu, juzi niliwaona mkigombania bati la radi, lile bati jembamba linalotikiswa litoe ngurumo. Mazoezi hayajaanza, stendi zimelala sakafuni, na watatu mmelishika kila mmoja pembe yake mnalitikisa kama shuka la kukung'utwa vumbi. Dhoruba yenyewe ilipofika, radi ikapiga kipimo kizima, yaani fungu zima la mapigo, kabla ya umeme. Tukarudia, ikapiga kabla tena. Halafu tukafungua ule muziki wa Prague, nitakaoueleza chini, na hapo nikaona jambo lililonikosesha usingizi: pikolo, ile filimbi ndogo ya sauti ya juu, iko peke yake, ukumbi kimya, na kijana wetu wa timpani, zile ngoma kubwa zinazobadilishwa sauti kwa mguu, anakanyaga pedali kutafuta sauti atakayoihitaji baadaye. Nilitaka kupiga kelele. Nikanyamaza, kwa sababu kosa lile nalijua kwa ndani. Niliwahi kulifanya mbele ya watu.

Kusoma nota mnajua, na kupuliza mnapuliza vizuri kuliko sisi tulivyokuwa katika umri wenu. Sitarudia ya darasani. Nina maneno machache tu kuhusu muziki wa kusimulia, ule wenye mto ndani yake, au treni, au mji uliovamiwa. Huo ndio unaowaponza kila msimu.

1. Soma maelezo ya mtunzi kabla hujaitazama sehemu yako. Yamo ukurasa wa mbele wa kitabu cha kondakta, na kondakta hakatai ukimwomba.

Chukueni Hammersmith, kipande alichokiandika Gustav Holst mwaka 1930 kwa ajili ya bendi ya kijeshi ya BBC. Hammersmith ni sehemu ya London iliyo kando ya mto Thames, na Holst alifundisha pale miaka mingi. Kinaanza na tuba na yufoniamu, vyombo vya shaba vya sauti nzito: fungu moja la nota linazunguka chini kwa sauti ndogo, linarudi, linazunguka tena. Ule ndio mto. Baadaye unakuja umati wa watu, vicheko na zogo la mtaani, na mwishoni mto unabaki ukienda zake kama ulivyokuwa ukienda kabla hawajafika. Mpiga tuba asiyejua hili hufanya nini? Anachoka. Kipimo cha nane anaanza kuongeza sauti kidogo ili naye asikike, kipimo cha kumi na mbili anakaza mwendo. Mto hauna haja ya kusikika, mdogo wangu. Acha upite.

Na ninyi wa honi: mnaingia juu ya mto ule kwenye ngazi ya E meja, wakati chini yenu ni ngazi ya F maina. Kila mwaka naona honi wapya wanatazamana, wanavuta slaidi, wanajaribu kuirekebisha nota ambayo haina kosa. Holst alikusudia mambo mawili yaishi pamoja bila kupatana. Ingieni kwa uhakika, na mkae hapo hapo.

2. Mapumziko yaandikeni kwa penseli. Usiyategemee kichwani.

Vipimo sitini na nne vya kimya ndivyo vinavyomwangusha mpiga ngoma, kuliko nota yoyote ngumu. Andika juu ya karatasi nani anaingia wakati wewe umenyamaza: "oboe hapa", "tromboni wanasimama", "kondakta anageukia kushoto". Tchaikovsky alipoiandika 1812, muziki wa vita vya Warusi na Napoleon, mwaka 1880, mizinga aliiweka ndani ya nota kama chombo kingine chochote, milio 16, kila mmoja na mahali pake. Nimeipiga mara nyingi na bendi, ngoma kubwa ikisimama badala ya mzinga, na ninawaambia kweli: mzinga uliochelewa nusu pigo hausimulii vita. Unasimulia mtu aliyepotea kwenye karatasi.

3. Tafuta wimbo uliofichwa kwenye sehemu yako. Hapa nitakaa kidogo.

Agosti 1968 vifaru vya nchi za Mkataba wa Warsaw viliingia Czechoslovakia. Karel Husa, mzaliwa wa Prague, alikuwa Marekani, mbali na kwao. Miezi ile ile akaandika Music for Prague 1968 kwa ajili ya bendi ya Ithaca College, na Januari 1969 ikapigwa kwa mara ya kwanza Washington. Mwaka 1990 aliiongoza mwenyewe mjini Prague. Ndani yake kuna kengele, kwa sababu Prague ni mji wa minara na kengele zake zimelia kwenye dhiki na kwenye ushindi. Pikolo ya mwanzo ni ndege, alama ya uhuru. Tena kuna wimbo wa karne ya 15 wa wafuasi wa Jan Hus, mhubiri wa Kicheki aliyetaka kanisa lirekebishwe, wimbo wa vita na wa imani, unaowaita mashujaa wa Mungu. Unaanza na sauti moja inayorudiwa, nzito, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yake mwenyewe aliyofungiwa nje. Husa hauimbi mzima popote. Mwishoni bendi yote inaushika kwa sauti moja na nywele zinasimama. Na mwanzoni kabisa, chini ya ndege yule, unatajwa kwa sauti ndogo sana. Anayeutaja ni timpani.

Timpani nilikuwa mimi, na hayo yote sikuyajua. Wiki sita za mazoezi nilizitazama nota zile chache za mwanzo nikaziona ni za kupasha mikono. Sauti moja, polepole, pianisimo, yaani chini kabisa: nani atazisikia? Akili yangu yote ilikuwa kwenye fanfare, ile milio ya shangwe ya tarumbeta, na Toccata, ile sehemu ya mwisho ya kasi, maana huko ndiko nilikokuwa na kazi ya kuonekana. Kingine kilichonisumbua ni kipimo cha pedali, kile kimshale cha kuonyesha ngoma iko kwenye sauti gani, kwenye ngoma ya pili. Hakikuwa cha kuaminika, kikinionyesha sauti moja huku ngozi ikitoa nyingine. Basi nikajizoesha kuikagua wakati wa pikolo, kwa kuwa ndio wakati ambao, nilijiambia, sina kazi.

Usiku wa tamasha pikolo ikaanza. Watu mle ndani walikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia kitambaa cha shati langu nilipoinama. Nikaweka sikio karibu na ngozi, nikagonga kwa ncha ya kidole, nikakanyaga kidogo, nikagonga tena. Iko chini. Nikakanyaga tena. Nilipoinua kichwa, mkono wa kushoto wa kondakta ulikuwa tayari umefunguka kuelekea kwangu, na haukuwa umefunguka sasa hivi. Nikadaka fimbo, nikapiga. Nilikuwa nimechelewa, nikakimbilia kufidia, na wakati huo mguu wangu bado umebaki kwenye pedali, ila si ya ngoma niliyodhani. Sauti ile iliyotakiwa isimame mahali pamoja ikateleza kwenda juu, ikawa kama swali la mtu aliyeshtuka usingizini.

Kondakta hakuniangalia. Hilo liliniuma kuliko kama angenikazia macho. Pikolo aliendelea, maskini, peke yake, akishikilia ndege wake juu ya kelele yangu.

Halafu nikajisamehe haraka. Hapo ndipo kosa linapokuwa kubwa zaidi. Nilipiga Toccata kwa nguvu zote, na bendi ilipoungana mwishoni kwenye ule wimbo mmoja nikasisimka pamoja na ukumbi wote. Nikajiambia tumepiga vizuri. Nyuma ya jukwaa dada mmoja mkubwa kwetu, aliyekuwa kwenye kengele, alikuwa anazifunga fimbo zake kwenye taulo. Akaniuliza bila kuinua macho, "Wimbo wa mwisho umeusikia?" Nikamjibu ndiyo, umenigusa sana. Akasema, "Wa kwanza kuuimba ulikuwa wewe." Akaendelea kuzifunga fimbo moja moja.

Maelezo ya mtunzi yalikuwa yamebandikwa ndani ya faili letu la safu ya ngoma tangu siku ya kwanza. Niliyasoma usiku ule nikiwa nimekaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, na suti bado mwilini. Wiki iliyofuata nikasikiliza rekodi. Msikilizaji aliyekuja usiku ule alipata mwisho mkubwa, wenye nguvu, lakini haukuwa umetoka popote. Wimbo ule ulipaswa kurudi. Kwake ulifika tu, kama mgeni asiye na jina, kwa sababu aliyepewa kuutaja jina mapema alikuwa ameinama anakagua pedali.

Ndiyo maana juzi sikupiga kelele.

4. Usiongeze chumvi kwenye picha.

Sleigh Ride ya Leroy Anderson, aliyoikamilisha mwaka 1948, ina kwato za farasi zinazopigwa kwenye bloku za mbao, ina mjeledi, na karibu na mwisho tarumbeta moja inalia kama farasi kwa kubonyeza valvu nusu. Anderson aliianza Julai 1946, kwenye joto kali, na bado baridi ya theluji unaisikia. Hakuhitaji theluji dirishani, alihitaji nota zikae mahali pake. Sasa: farasi ni mmoja. Nimewahi kukaa nyuma ya safu ya tarumbeta ambayo kila mmoja aliona farasi wake ndiye bora, wakalia watatu, na wa nne akacheka ndani ya mdomo wa chombo, ikatoka sauti ambayo hakuna mnyama anayeitambua. Tulicheka hadi machozi, kondakta naye akacheka, halafu akataja jina la mmoja na wengine wakaweka vyombo magotini. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Na wewe wa mjeledi, mbao mbili zile zifunge mara moja kwa ukali, kisha zishike zisitetemeke.

Nyongeza ya haraka kwa mnaoiga treni: badilisheni misasa kwenye vibao mnavyosugua kabla ya tamasha, msasa uliokwisha unatoa sauti ya ufagio. Bati la radi litundikwe, lisishikwe mkononi. Zailofoni inayoiga mifupa ipigwe na fimbo ngumu.

5. Si kila picha ni ya mandhari. Nyingine ni ya mtu.

Hili klarineti ndio wanaohitaji zaidi kulisikia. Percy Grainger alizunguka Lincolnshire, Uingereza, mwaka 1905 na 1906 akikusanya nyimbo kwa wazee wa vijijini, na baadaye akawarekodi kwa fonografu. Mwaka 1937 akazitengenezea bendi kipande cha sehemu sita, Lincolnshire Posy, na akasema wazi kwamba kila sehemu ni sura ya yule aliyemwimbia. Ndiyo maana vipimo vinabadilika ovyo machoni penu: mzee alivuta pumzi pale, alishikilia neno pale kwa ukaidi wake, akaruka pale. Katika Lord Melbourne, mojawapo ya sehemu hizo, kuna mahali ambapo mapigo hayana kipimo kabisa, kondakta anapiga anavyojisikia. Bendi iliyoupiga mara ya kwanza, watu wazima wenye uzoefu, baadhi ya sehemu ziliwashinda zikaachwa nje ya onyesho. Basi msione aibu ikiwashinda kwenye mazoezi ya Jumanne. Lakini msiinyooshe. Nilisikia safu ya klarineti iliyokubaliana kimyakimya kuhesabu ndani kwa ndani na kuyasawazisha yale mapigo huru. Walikuwa pamoja kabisa, safi, na yule mzee alikuwa ametoweka chumbani. Mtazame kondakta mkononi, kisha toa pumzi anapotoa.

6. Wa timpani, hili ni lako peke yako, na nimeliacha mwisho ili usome yote.

Alhamisi njoo robo saa kabla ya wenzako. Tutazityuni ngoma zote kukiwa kimya, tutaweka alama ya penseli kwenye kila kipimo cha pedali, na ile ya pili tutaichunguza kwa sikio maana bado ina ugonjwa wake wa zamani. Kisha nitakuimbia wimbo wote wa wafuasi wa Hus, mara mbili, ili uujue unakoelekea. Pikolo nimemwomba aje mapema naye. Atakapoanza, miguu yako yote miwili iwe chini sakafuni, fimbo laini mkononi, macho kwake.