Kalamu itangulie kamera: katuni ya picha moja moja katika darasa jumuishi

Swali

Nafundisha Kiswahili Darasa la Tano, wanafunzi 54. Mmoja ni kiziwi, wawili wana ualbino na hawaoni vizuri ubaoni, mmoja ana ulemavu wa akili, na mwingine ana kifafa kinachotulizwa kwa dawa. Muhula uliopita tulitengeneza katuni kwa kusogeza vikaragosi na kuvipiga picha moja moja kwa simu yangu. Watoto walifurahi, lakini insha zao zimebaki zilezile: "alifurahi sana", "alisikitika sana". Kazi yenyewe waliifanya wanne watano wanaojiweza, wengine wakapaka rangi. Tena video inawakawaka na wahusika wanaruka. Nirekebishe wapi? Kamati ya shule imekubali kuninunulia kitu kimoja: niombe tripodi au taa?

*Mwalimu, Morogoro*

Jibu

Mwalimu, insha kubaki zilezile na kazi kuangukia mikononi mwa wachache ni tatizo moja lenye sura mbili: kamera ilitangulia kalamu. Simu ikishawekwa mezani, mwenye mkono mwepesi ndiye anayeamua hadithi iende wapi, na hakuna anayeihitaji sentensi ya mwenzake. Kuwakawaka kwa video ni suala la kiufundi, nitalifikia, ingawa kwa mtoto wako mwenye kifafa si suala dogo.

Anza na sheria moja: hakuna picha bila kadi. Gawa darasa makundi tisa ya watoto sita. Hadithi iwe moja ya darasa zima, mkubaliane muhtasari wake ubaoni, kisha kila kundi lichukue tukio moja tu. Ndani ya kundi kila mtoto anaandika sentensi moja kwenye kadi yake, robo ya karatasi ya A4, jina lake nyuma. Kadi sita, si saba. Hadithi ndefu ndiyo inayoua kazi hii, na watoto wakiachiwa wataandika maisha ya Sungura tangu kuzaliwa hadi arusi. Kadi yako inapopigwa picha, wewe ndiye unayeisoma na kuelekeza. Wanaosogeza vikaragosi hawaruhusiwi kufanya lolote ambalo halikuandikwa.

Sheria hiyo ya mwisho ndiyo inayofundisha kuandika. Chukua kadi inayosema "Fisi alisikitika sana." Msogezaji ameshika kikaragosi cha karatasi chenye kichwa kinachogeuka na miguu inayokunjika, anasubiri. Asogeze nini? Kusikitika hakusogezeki. Anamuuliza mwenye kadi, mwenye kadi anakuangalia wewe. Hapo utatamani kutoa neno. Nyamaza, mwambie aigize kwa mwili wake jinsi Fisi alivyosikitika, wenzake wataje wanachokiona. Kadi itarudi imeandikwa hivi:

*Fisi aliinamisha kichwa, akakaa chini ya mbuyu.*
*Kichwa: picha 4. Kutulia: picha 6. Kukaa: picha 5.*

Jumla picha 15. Kwa kasi ya picha 6 kwa sekunde, hiyo ni sekunde mbili na nusu. Kasi hiyo inatosha kabisa shuleni. Filamu za kawaida huenda picha 24 kwa sekunde, lakini ukiiga kasi hiyo, kadi ileile itadai picha 60, na mtoto wa miaka kumi hana subira hiyo.

Viambishi vya wakati navyo hupata uzito ambao ubaoni haviupati. "Sungura alitembea akaimba" ni vitendo viwili vinavyofuatana: piga picha za miguu kwanza, umalize, ndipo uanze mdomo. "Sungura alitembea akiimba" ni miguu na mdomo kusogea ndani ya picha ileile. Mwanafunzi aliyechanganya *-ka-* na *-ki-* ataona kosa lake mezani kabla hujalizungushia wino mwekundu. Jaribu pia "Fisi alipofika kisimani, maji yalikuwa yamekauka." Watoto wengi watataka kupiga picha za maji yanayopungua. Waulize: Fisi aliyaona yakikauka? Basi kisima kiwekwe kikavu tangu picha ya kwanza. Pangeni kwa makusudi kadi mbili tatu za namna hii katika kila tukio.

Hisia hazipotei, zinasubiri hatua ya mwisho. Video ikishakamilika, kila mtoto aandike peke yake insha ya ukurasa mmoja ya hadithi yote, na sharti liwe kuongeza mambo matatu ambayo kamera haikuweza kuyaonyesha: mhusika aliwaza nini, palinukaje, kwa nini alifanya alivyofanya. Hiyo insha ndiyo unayosahihisha, pamoja na kadi ya kwanza na ya mwisho ya kila mtoto ukizilinganisha. Video usiipe alama. Ukiipa, wale wanne watano watairudisha mikononi mwao wiki hiyohiyo.

Sasa ushiriki wa wote. Kazi mezani ni sita: mwenye kadi, wasogezaji wawili, mpiga picha, mhesabu anayechora kijiti kwa kila picha, na mlinzi anayesema "mikono nje!" kabla ya kila mbonyezo. Zizungushwe kila kadi inapoisha. Kwa kadi sita, kila mtoto atakuwa ameongoza mara moja na kufanya kila kazi. Anayehitaji muda zaidi apewe muda, asibadilishiwe kazi.

Mwanafunzi mwenye ulemavu wa akili aseme sentensi yake kwa mdomo, mwenzake aiandike kama ilivyosemwa, bila kuipamba. Ikate iwe vipande vya neno mojamoja, vichanganye, yeye avipange na kuvigundisha kwenye kadi. "Sungura alikula karoti" ni kadi kamili na inapigika vizuri: karoti inapungua kipande baada ya kipande. Kosa la kawaida ni rafiki mwema kumwandikia sentensi nzuri zaidi. Hilo likatae waziwazi.

Kwa mwanafunzi kiziwi, kumbuka kwamba Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake, haipangi mambo kama kitenzi cha Kiswahili kinavyobeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja. Kwake insha ni kazi ya lugha ya pili. Aanze kwa alama: aisimulie kadi yake mbele ya kamera, umrekodi. Kisha mwandalie vipande vya rangi: nafsi buluu, wakati nyekundu, mzizi njano, ajenge *a-li-mw-ona* kwa mikono yake huku akiangalia video yake mwenyewe. Klipu hiyo ya alama usiitupe. Iunganishe kwenye video ya mwisho kabla ya tukio lake, kwa programu yoyote ya kuhariri video kwenye simu. Mpe pia ishara ya kuonekana ya kuanza na kusimama. "Mikono nje" iendane na kuinua kadi nyekundu.

Wenye ualbino wakae migongo ikielekea dirishani, kamwe wasitazamane na mwanga. Kadi zao za rasimu ziandikwe kwa kalamu nene. Vikaragosi viwe vyeusi au vya rangi iliyokolea juu ya mandhari hafifu. Bandika ukanda wa boksi kuzunguka eneo ambalo kamera inaliona, ili kidole kihisi mwisho wa jukwaa bila jicho kulitafuta. Ukanda huo utawafaa wote, maana picha nyingi zinazoharibika huwa na kichwa kilichotoka nje ya picha.

Maandishi yaonekane kwenye video yenyewe. Kadi iliyokamilika inakiliwa kwa markapeni nene kwenye A4 iliyolazwa, herufi zenye urefu wa sentimita 2 au zaidi, inapigwa picha moja, halafu ndani ya programu ya kutengenezea katuni unaizidisha hadi picha 24: hizo ni sekunde 4. Sentensi ya maneno sita au saba inasomeka kwa muda huo. Ikiwa ndefu zaidi, weka 30. Kiziwi anasoma, mwenye uoni hafifu anasikia mwenzake akiisoma kwenye sauti, na mwandiko wa kila mtoto unaonekana na darasa zima. Hakuna atakayekubali kuiacha sentensi yake bila nukta. Kwa hesabu hii kila kadi inachukua picha 39 (24 za maandishi na 15 za kitendo), kila kundi sekunde 39, na darasa zima linapata video ya karibu dakika sita.

Tuje kwenye ufundi. Achana na vikaragosi vya kusimama. Udongo wa mfinyanzi hupasuka ukikauka, vya waya huanguka, na vyote vinahitaji mkono uliotulia. Tumia vya manila vilivyogundishwa kwenye boksi jembamba, vikilala juu ya meza, simu ikiangalia chini. Viungo vifungwe kwa uzi wenye fundo mbele na nyuma. Simu ilale juu ya rula mbili ndefu za mbao zilizowekwa sambamba, zikiegemea marundo mawili ya vitabu, lenzi ikitazama katikati ya rula hizo, urefu wa sentimita 35 hivi kutoka mezani. Kwa simu nyingi urefu huo unaenea upana wa karatasi ya A3. Funga simu kwa mpira, funga na mandhari kwa utepe wa gundi kwenye kona zote nne. Feni izimwe. Weka simu katika hali ya ndegeni, kwa sababu simu ikiingia na kutetema, picha zote zinazofuata hazitalingana na zilizotangulia.

Wahusika wanaruka kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hatua zisizolingana: mmoja anasogeza sentimita moja, mwingine nne. Chora vinukta hafifu vya penseli kwenye mandhari, sentimita moja kati ya kimoja na kingine. Mwendo wa kawaida nukta moja kwa picha, mbio nukta mbili, na mwanzo na mwisho wa mwendo nusu nukta. Ya pili ni simu kutikiswa na kidole. Spika za masikioni zenye kitufe cha sauti hupiga picha kwa mbali katika programu nyingi za kamera. Jaribu yako mapema. Mtoto asiyeweza kulenga skrini naye ataweza kubonyeza kitufe hicho. Programu ya Stop Motion Studio, hata toleo la bure, huonyesha picha iliyopita kama kivuli juu ya ile mnayotaka kupiga. Washa kivuli hicho, ndicho kinachomwonyesha msogezaji umbali aliosogea.

Kuwakawaka kunatokana na simu kujirekebishia mwanga upya kwa kila picha. Shati jeupe likipita karibu, simu inapunguza mwanga, likiondoka, inauongeza. Katika simu nyingi ukibonyeza skrini na kushikilia sekunde mbili hivi, mwanga na ulengaji hufungwa. Fanya hivyo kabla ya picha ya kwanza, na tena kila mnapofungua programu upya. Kila mtu arudi mahali pake kabla ya mbonyezo, na wewe pia. Jua la moja kwa moja halifai: kwa dakika 40 linasogea nyuzi 10 angani, na vivuli vyenu vitatambaa mezani kana kwamba navyo ni wahusika. Barazani penye kivuli, siku isiyo na mawingu ya kupitapita, ndipo pazuri zaidi. Mkilazimika kutumia taa za umeme, ujue kwamba kwa umeme wetu wa hezi 50, tyubu nyingi na balbu za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Simu yako ikiruhusu kuchagua kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha, weka 1/50 au 1/25 ya sekunde.

Kwa ajili ya mwenye kifafa, itazame video nzima peke yako kabla ya kuionyesha. Kipimo kinachotumika kimataifa ni kutozidi mimweko mitatu ndani ya sekunde moja, na video ya picha 6 kwa sekunde ambayo kila picha ya pili ina giza inafikia kikomo hicho kabisa. Watoto wakiandika radi, picha moja nyeupe inatosha. Taa za chumba zibaki zimewaka wakati wa kutazama, na ongea na mzazi wake mapema.

Ratiba: kundi moja lipige picha katika kipindi pacha cha dakika 80, mengine manane yakiandika upya kadi zao. Wanaoanza hupiga picha mbili kwa dakika, hivyo picha 90 za vitendo (15 kwa kila kadi) ni dakika 45, na iliyobaki ni ya kurudia palipoharibika. Kwa vipindi pacha viwili kwa wiki, makundi tisa yanamaliza katika wiki ya tano. Sauti mrekodi mwishoni, kila mtoto kadi yake, darasani wakati wengine wako nje. Nakili mradi kwenye kompyuta ya ofisi au kadi ya kumbukumbu kila siku mnapomaliza.

Kuhusu kamati, usiombe tripodi wala taa. Tripodi ya kawaida imeundwa kutazama mbele. Ukiilazimisha itazame chini, miguu yake inaingia kwenye picha. Taa ya duara ikiwa juu ya meza inang'aa kwenye gundi na manila, na umeme ukikatika katikati ya kadi, kadi hiyo mnaianza upya. Omba pawabenki. Kamera na skrini vikiwa vimewashwa dakika 80 mfululizo, betri ya simu ya kawaida inaweza isifike mwisho. Waya wake uchomekwe kabla ya picha ya kwanza na ubandikwe mezani kwa utepe wa gundi, maana mkiuchomeka katikati ya tukio simu itasogea.