Nenda na Kazi Mkononi

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza: zaidi ya kutuma barua na kusubiri, kijana atafute kazi kwa njia gani? Jibu langu ni kwamba aende na kazi yenyewe mkononi, hata ikiwa ndogo, mwajiri aione.

Najua wapo wanaosifu mabango. Nairobi tumewaona wahitimu wakisimama kando ya barabara na bango kifuani: digrii, namba ya simu, "natafuta kazi". Nawaheshimu, maana jambo lile linataka moyo, na wako waliopata kazi baada ya picha zao kusambaa. Lakini bango humweleza mpita njia shida yako wewe. Shida yake yeye utaitatuaje, halisemi.

Mdogo wangu alisomea uhasibu. Maombi kwenye Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi, aliendelea kutuma, wala simshauri mtu aache, ila huku akisubiri akawa anashinda Kariakoo kwa wauzaji wa jumla wa vifaa vya simu. Akagundua jambo. Risiti za EFD, ile mashine ya kodi, zinatoka, kwa kuwa TRA, mamlaka ya mapato, wanazidai, lakini muulize mwenye duka mzigo upi umelala stoo, atakisia. Makava ya simu zilizopitwa na wakati yamejaa mpaka darini, huku chaja zinazotoka kila siku zimeisha na mteja keshahamia duka la jirani.

Akamwomba mwenye duka mmoja amruhusu kuhesabu rafu moja tu, Jumapili, duka likiwa limefungwa, kisha kulinganisha na daftari la mauzo. Jumatatu akampelekea karatasi moja: bidhaa zipi zinatoka, zipi zimelala, na fedha iliyokwama humo ni kiasi gani. Hakuambatanisha cheti wala wasifu. Tajiri aliisoma ile jumla ya chini, akainua macho, akamwambia ahesabu stoo nzima, safari hii kwa malipo.

Ajira ya kudumu hata hivyo haikutoka pale. Ilitoka kwa wakala wa forodha anayemtolea tajiri yule mzigo bandarini, aliyeikuta karatasi mezani akauliza nani kaiandika. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1973: habari za kazi mara nyingi hutufikia kupitia watu tunaojuana nao kwa mbali, kwa sababu ndugu na marafiki wa karibu wanajua yaleyale tunayoyajua sisi. Sisi kwetu shangazi na wajomba wote walikuwa wameshaulizwa, na hakuna aliyemjua wakala yule.

Mafundi wana nafasi nzuri zaidi, kwani kazi yao inaonekana kwa macho. Fundi aliyejifunzia gereji mtaani aulizie VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, utaratibu wa kurasimisha ujuzi. Anapimwa kwa kile anachokiweza, akifaulu anapewa cheti.

Ninachokiogopa ni kijana kugeuzwa kibarua wa bure kwa jina la kujitolea. Wako wanaofagilishwa ofisi mwaka mzima kwa ahadi ya "tutakuangalia". Kwa hiyo mipaka iwekwe mlangoni, kwa adabu lakini waziwazi: "Bosi, naomba nikuhesabie rafu hii moja, Jumapili hii, bila malipo. Ukipenda niendelee na nyingine, tutapatana bei kabla sijaanza."

Msomaji wenu, Temeke, Dar es Salaam