Unakuja kambi ya rangi za maji Mikindani? Soma hii kwanza

Nimeshaenda hizi kambi za kuchora mara tatu, zote Mikindani kule Mtwara, tunapanga nyumba moja watu nane tisa hivi, tunalala hapohapo tunakula hapohapo siku sita, na kila mara naona wageni wanarudia makosa yaleyale niliyofanya mimi, sasa wacha niyaandike.

Kwanza toa kichwani habari ya kurudi na picha ya kutundika sebuleni. Mimi mara ya kwanza nilibeba karatasi nne tu, zile nzito za pamba za gramu 300, bei yake mnaijua, basi nikawa naogopa hata kuzigusa, wenzangu wanamwaga chumvi wanadondosha spiriti juu ya rangi mbichi, mimi nachora jahazi kwa adabu kama niko mtihani wa darasa la saba. Siku ya nne ndo nikaikata moja vipande kumi na sita, na kambi yangu ilianzia hapo. Karatasi za steshenari za kuprintia usibebe kabisa, zinavimba mawimbi na hakuna mbinu hata moja itakayokubali.

Sasa chumvi, maana kila mtu anaikimbilia. Kazi yake ni kunyonya maji, na maji yakija yanakuja na rangi, ndo unapata zile nyota nyeupe nyeupe. Chumvi ya unga inatoa vinyota vidogo, ya mawe inatoa maua makubwa. Ila siri yote iko kwenye muda wa kuitupia. Inamisha kichwa uitazame karatasi kwa ubavu, dirisha liwe mbele yako, mwanzoni inang'aa kama sakafu iliyotoka kupigwa deki, baadaye mng'ao unapoa unakuwa kama ngozi iliyopakwa mafuta asubuhi na sasa hivi ni saa sita mchana. Hapo ndo unatupia. Ukiwahi inayeyuka yote unabaki na doa, ukichelewa inakaa juu kama mchanga haina kazi. Na hizi video mnazoangalia anakwambia subiri dakika mbili, dakika mbili za kwake wapi? Mikindani mwezi wa pili dakika mbili karatasi bado ni bwawa, mwezi wa saba kusi likivuma ukikaa barazani imekauka wakati bado unafungua kopo la chumvi. Dakika achana nazo, angalia mng'ao.

Ikikauka kabisa, pangusa punje zote, zote jamani. Mimi nilijifanya mjanja nikachota maji ya bahari nikachorea picha nzima, ilikuwa nzuri hatari, nimefika nayo nyumbani kila jioni hewa ikiwa nzito picha inalowa yenyewe, chumvi iliyoingia ndani inavuta unyevu na haitoki tena. Mpaka leo naiita picha inayotoka jasho.

Spiriti ya kusafishia vidonda ni kinyume chake, yenyewe inafukuza rangi. Dondosha kwa kijiti cha pamba karatasi ikiwa bado mbichi, unapata miduara yenye kiini katikati, utadhani mikono ya pweza. Fungua madirisha tu, na isikae karibu na jiko.

Nailoni ndo naipenda kuliko zote. Unaikunja kunja unailaza juu ya rangi mbichi unaweka kitu kizito, unaenda kulala, asubuhi unabandua unakuta mipasuko kama mawe ya matumbawe kwenye zile kuta za zamani za mji. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019 kwa hiyo usiitafute dukani, tunza nailoni ya mkate. Kosa la wengi ni kuchungulia usiku. Mshumaa mweupe nao ubebe, unachora mistari ya mng'ao pale utakapochora bahari, kabla ya kupaka rangi, ila ukikosea haufutiki.

Rangi zenyewe haziko sawa. Altramarini, ile bluu iliyokolea, inatulia chini inaacha punje punje, nzuri kwa ukuta wa Boma uliochakaa (la Wajerumani lile, la 1895), bluu ya thalo inang'ang'ania karatasi kama doa la bibo kwenye shati jeupe, ukitaka kuinyanyua na tishu umechelewa. Zijaribu vipande vidogo kwanza.

Maji ya kisima cha pale tulipofikia yana chumvichumvi, rangi inakatika kama maziwa yaliyoharibika. Mwenzangu mmoja aliyapenda hivyo hivyo, mimi nanunua ya chupa. Na rangi zako zikiwa zile zinazotengenezwa na asali, sisimizi watakuja, weka boksi kwenye sahani yenye maji. Ila ndani ya boksi paache pakauke kabla hujafunga, ukungu wa pwani hauna huruma.

Mkishuka ufukweni maji yakipwa mtakuta kina mama wanaokota chaza, salimia kwanza, shikamoo mama, omba ruhusa ndo ufungue daftari. Mimi nilianza kuchora kabla ya salamu, bibi mmoja akaniuliza kama nimekuja kuhesabu ndoo zao.

Kurudi, picha zibane katikati ya maboksi mawili uzifunge tepu, na kwenye basi zikae mapajani, kule kwenye buti kuna magunia ya korosho.