Re: Kwa nini malori yanafeli breki Kitonga?
Mkuu, umeuliza inakuwaje hata lori jipya linafeli breki Kitonga, ule mteremko mkali wa mkoani Iringa. Mara nyingi breki hazikuwa mbovu, zimechemshwa. Dereva anatoka Iringa na mzigo kamili, anauingia mteremko na gia kubwa (ya mwendo kasi), au anaweka nyutro eti anaokoa dizeli, halafu anakanyaga breki mfululizo. Ngoma za breki (vyuma vya duara vinavyozunguka na gurudumu) zinapata moto, zinatanuka, breki zinakosa mshiko. Upepo unaosukuma breki ukiisha kabisa ni kinyume chake: springi zinafunga magurudumu ya nyuma.

Niliwahi kuwa utingo, harufu ile ya breki zinazoungua naikumbuka mpaka leo. Shuka na gia ambayo ungepandia, na uiweke kabla mteremko haujaanza.