Funga koki ya maji ya bahari kabla hujagusa stata

Mkuu, simama kwanza. Umesema injini yako ya dizeli ilifanyiwa ovahoo, ikakaa stoo miaka, sasa imerudi kwenye boti na kesho utafungua koki ya maji ya bahari, ile inayoingiza maji ya kupooza injini, ili impela (kigurudumu cha mpira ndani ya pampu ya maji) isiungue, halafu upige stata mpaka geji ya oili ipande. Hiyo koki ndiyo iliyoniulia injini, na aliyenielekeza hivyo ni fundi niliyemlipa.

Stata ikizungusha injini, pampu nayo inavuta maji na kuyasukuma kwenye ekzosi. Injini ikiwaka, moshi unayapuliza nje. Isipowaka, hakuna cha kuyapuliza: yanajaa sailensa, yanapanda bomba, yanarudi hadi ndani ya silinda kupitia valvu ya ekzosi iliyo wazi. Na injini iliyolala muda mrefu haiwaki mara moja, ina hewa kwenye njia ya mafuta. Maji hayagandamiziki. Silinda ya sentimita za ujazo 500 yenye mgandamizo wa 20 kwa 1, pistoni ikifika juu inabakiza nafasi ya sentimita za ujazo 26 hivi. Vijiko viwili vikubwa vya maji vinatosha kupinda konrodi, ule mkono unaoshika pistoni.

Yangu ilipinda. Tulipofungua, oili ilikuwa nyeupe kama maziwa na chumvi imeshaanza kula silinda zilizotoka kuchongwa. Fundi akasema injini mpya huwa hivyo. Haiwi hivyo! Na asije mtu hapa kuniambia ningesoma kitabu cha injini. Nilimlipa mtu aliyedai amekimaliza.

Sasa wewe, koki ifungwe. Toa impela ya zamani, mapezi yake yameshajikunja na hayanyooki tena. Toa nozeli zinazopuliza dizeli kwenye silinda, zungusha krenki (shafti kuu ya injini) kwa spana mizunguko 2 kamili kufuata mwelekeo wake. Kama kuna maji, yatatokea matunduni. Kisha vuta wenzo wa kuzima ili dizeli isiingie, piga stata sekunde 10, pumzisha, rudia mpaka geji ipande. Metali za krenki, yaani bearingi zake, zimekauka, lazima zipate oili kabla ya moto. Hapo ulisema kweli.

Rudisha nozeli, toa hewa kwenye mafuta, weka impela mpya iliyopakwa gliserini, mwaga maji yote ya sailensa. Piga stata koki ikiwa BADO imefungwa. Ikinguruma tu, mwenzako aliyekaa kokini afungue papo hapo, wewe uchungulie nyuma kama maji yanatoka. Ikizimika, koki inafungwa kabla ya stata nyingine. Ikigoma ghafla katikati ya mzunguko usiilazimishe hata kidogo, toa nozeli uangalie maji.

Uliyouliza kuhusu belti na rangi ya kuzuia kutu watakujibu wengine. Mimi niandikie tu hapa kwamba koki umeifunga.